Kikapu si Abiria

Ubao wa ratiba pale steji ya Kivaa niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilianza kwa penseli na rula, nikafuatisha kwa rangi nyeusi, na herufi zake zimesimama sawa mpaka leo. Anayebisha aende akazipime. Ulikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza: basi la Machakos litaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, lijae lisijae. Ya pili: dereva asishike simu safarini. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote: Kikapu si abiria.

Kabla ya ubao huo mambo yalikuwa hivi. Basi la Dayib ndilo pekee linalotoka kwetu Kivaa moja kwa moja mpaka mjini Machakos bila mtu kushuka na kubadilisha gari Matuu. Zamani liliondoka likijaa. Siku nyingine lilijaa mapema, siku nyingine lilikaa pale mbele ya kinu cha posho mpaka saa tatu, likipiga honi kama ng'ombe aliyepoteza ndama. Ukifika mjini ni saa ya chakula, dirisha la ofisi limefungwa, na ukingoja lifunguliwe basi la kurudi linakuacha. Mimi niliwahi kwenda Machakos mara nne kutafuta muhuri mmoja. Niliingia darasa la ngumbaru nikiwa na miaka thelathini na minne, jioni, nikitoka kuchimba mitaro ya mabomba ya maji, na kila saa niliyoketi kwenye dawati niliiba kutoka kwa usingizi wangu. Kwa hiyo saa ya mtu ikipotezwa bure mbele yangu, naumia.

Nikaitisha mkutano. Dayib mwenyewe alikuja. Ni mfanyabiashara wa mbuzi. Baba yake alifika Masinga na mifugo yake kabla mimi sijaoa, na Dayib anasema Kikamba kizuri kuliko wajukuu zangu. Kuhusu saa alikubali palepale.

"Likienda mapema litarudi mapema," akasema. "Mzee Ndeti, wewe andika tu."

Watu wote wakainua mikono isipokuwa Ndinda. Huyu mama anauza samaki wa bwawa la Masinga. Mara tatu kwa wiki anakwenda nao soko la Machakos.

"Mzee," akaniambia, "saa uko nayo wewe mkononi. Sisi wengine tuko na jogoo."

"Basi mnunulie jogoo wako saa," nikamjibu, watu wakacheka, nami nikadhani nimeshinda.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyomchoma zaidi. Kwetu watu hupanga foleni kwa vikapu. Jioni ya kuamkia safari, mtu hupeleka kiondo chake stejini, akakiweka nyuma ya cha mwenzake kwenye baraza ya duka, akarudi nyumbani kulala. Asiye na kiondo huweka mtungi, na asiye na mtungi huweka jiwe. Hakuna anayeiba wala anayesogeza cha mwenzake. Asubuhi kondakta huingiza vikapu kwanza, kila kimoja kwenye kiti, kisha wenyewe huja wakikaa palipo na mali yao. Mimi niliona ni aibu. Mtu amefika alfajiri, mwili mzima, kanyoa ndevu, anaambiwa yuko nyuma ya vikapu kumi na vinne na jiwe moja. Siku moja niliuliza jiwe ni la nani. Nikaambiwa, "Ni la babu fulani wa huko chini, amekwenda kunywa uji."

Nikaandika: Kikapu si abiria. Watu walisoma, wakatikisa vichwa, na vikapu vikaendelea kulala barazani kama kawaida. Nilikuwa nikivipita bila kuviangalia.

Mwaka huu macho ya mke wangu Mutindi yaliharibika. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa na mtoto wa jicho miaka mitatu sasa, na la kushoto nalo likaanza kuingia ukungu. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Alinijua kwa kikohozi. Mwezi wa sita tukasikia kwamba madaktari wa macho kutoka mbali watakaa siku tatu katika hospitali mjini Machakos. Daktari wa zahanati yetu akatuandikia barua. Siku ya Mutindi ilikuwa Alhamisi, ya mwisho. Akatuonya kwa kinywa chake:

"Awe kwenye benchi kabla ya saa nne. Asipokuwepo, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Na hawa madaktari wakiondoka, hakuna anayejua watarudi lini."

Jioni ya Jumatano nilimsomea Mutindi ile barua, kisha nikaisoma tena, na mara ya tatu niliisoma kwa sababu tu nilipenda jinsi ilivyoandikwa. Akaichukua, akaikunja kwa vidole.

"Baba Mwendwa," akasema, "tupeleke kiondo stejini?"

"Mama Mwendwa, ubao unasemaje?"

"Mimi siuoni ubao."

"Unasema kikapu si abiria. Tutafika sisi wenyewe, kwa wakati. Nitaonekanaje mimi, mwandishi wa kanuni?"

Akanyamaza. Nimekaa na mwanamke huyu miaka arobaini na sita, na ningepaswa kujua kwamba kunyamaza kwake si kukubali.

Asubuhi niliamka na baridi, nikawasha taa. Saa yangu ya mkononi, ile ya kutia ufunguo niliyojinunulia mwaka niliofaulu mtihani wa ngumbaru, ilisema saa kumi na moja na robo. Nikaona tuna muda mrefu. Nikanyoa ndevu. Nikavaa suti na tai. Mutindi alikuwa ameketi mlangoni, leso kichwani, tayari kabisa.

"Punda wa Kamene wamepita," akasema.

Kamene ni jirani yetu. Punda wake huteka maji mtoni kila alfajiri.

"Wanakwenda," nikasema.

"Wanarudi. Mitungi haigongani. Imejaa maji."

"Punda hawana saa, Mama Mwendwa."

Nikaketi kupaka viatu rangi. Kimoja kiling'aa, nikaanza cha pili, nikatazama saa. Saa kumi na moja na robo. Nikaitikisa. Nikaiweka sikioni. Kimya. Jana jioni, katika kufurahia kusoma barua, sikuitia ufunguo.

Nikafungua simu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na kutoka kwetu mpaka stejini ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mtu anayeona anapokanyaga.

Nilimpigia mwenye boda boda, akaja mbio, tukapanda wawili, Mutindi katikati, tai yangu ikipepea nyuma kama mkia. Tulipokuwa kwenye kona ya mwisho tukasikia honi. Ilikuwa honi ya basi likiaga. Tulifika tukakuta vumbi.

Dayib alikuwa ameketi barazani na glasi yake ya chai. Huja kila asubuhi akitoka kuswali, alione basi likiondoka.

"Mzee Ndeti!" akasema. "Wallahi sikujua ni ninyi mnaokuja. Dereva aliniuliza, tungoje kidogo? Nikamwambia, soma ubao."

Kama angenitukana ningeona nafuu.

"Mpigie simu dereva asimame," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma. "Kanuni ya pili, mzee. Simu yake anaizima akishika usukani."

"Na kondakta?"

"Linet? Simu yake ndiyo hii hapa dukani, inachajiwa."

Ndipo Mutindi akashika mkono wa koti langu. "Baba Mwendwa, kuna jambo. Barua iko ndani ya kiondo."

"Kiondo kiko wapi?"

"Jana jioni Kamene alinipelekea. Nilimwomba ulipokwenda kufunga ng'ombe."

Dayib akaweka glasi chini. "Kile chekundu chenye mistari myeusi? Kimeenda! Linet alitaka kukiacha hapa barazani, akasema ubao hauruhusu. Ndinda akamnyang'anya. Akasema, hiki kina mwenyewe. Akakipakata."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: mke wangu yuko Kivaa, barua yake ya daktari na kadi yake ya hospitali ziko njiani kwenda Machakos mapajani mwa mwanamke niliyemfanya achekwe mbele ya mkutano, na ni kwa kanuni zangu mwenyewe, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwamba siwezi kuzifikia.

"Mimi napeleka mbuzi Matuu," Dayib akasema akiinuka. "Pikapu yangu si basi, lakini iko na magurudumu. Mama atakaa mbele na mimi. Wewe, mzee, nyuma. Mbuzi ni wanne tu, na mmoja ni mpole."

Yule mpole sikumtambua. Nilishika vyuma kwa mikono miwili mpaka Matuu, na kila shimo la barabara lilinikalisha juu ya mbuzi mmoja au mbuzi mmoja juu yangu. Dayib alitushusha mbele ya gari lililoandikwa Machakos, akakataa nauli, akamwambia Mutindi kwa Kikamba, "Mwaitu," yaani mama, "utaona tu, inshallah," akaenda zake sokoni.

Katika gari lile kulikuwa na watu watano. Viti ni kumi na vinne. Dereva alikuwa akila mandazi, mguu mmoja nje.

"Tunaondoka saa ngapi?" nikamwuliza.

"Ikijaa, mzee."

"Na itajaa saa ngapi?"

Alifikiri kidogo. "Ikijaa."

Pale sikuwa na ubao wala mkutano. Nikamketisha Mutindi, nikasimama barabarani na suti yangu, nikaanza kuita, "Machakos! Machakos! Gari linaondoka!" Wapiga debe wa Matuu walifurahi sana. Mmoja akaniita babu: "Guka, umeandikwa kazi leo?" Mwingine akajibu, "Huyu ni wa tume ya mbuzi, hebu mnuse." Mimi niliendelea kuita. Mama mmoja alikuja, akanusa, akarudi nyuma, nikamfuata nikimweleza kwamba harufu ni yangu, si ya gari. Akacheka, akapanda. Tulijaa saa tatu imepita.

Njiani Mutindi aliniuliza saa ngapi. Nilitazama simu, nikasema, "Bado."

"Jua linanichoma shavu hili, Baba Mwendwa. Tulipotoka lilikuwa mbali. Usinidanganye."

"Ni saa nne," nikasema.

Akanishika mkono tu. Nilitamani anilaumu. Niliwaza namna atakavyoishi humo ndani ya ukungu: sufuria, moto, mlango, sauti zetu. Niliwaza kwamba mwakani nitamwongoza kwa fimbo kwenda chooni. Na yote kwa sababu sikutaka kuonekana nimeweka kikapu barazani.

Tulifika hospitalini saa nne na dakika arobaini. Nilimwuliza askari wa mlangoni njia ya macho, akatuonyesha ukumbi mrefu. Kulikuwa na benchi moja ndefu ajabu, imejaa watu tangu ukutani mpaka mlango wa daktari, wamebanana bega kwa bega. Nikaipitia kwa macho nikitafuta nesi wa kumwomba msamaha.

Karibu na mlango wa daktari, baina ya mwanamke mnene na mzee mwenye koti la mchungaji, kulikuwa na pengo la mtu mmoja. Katika pengo hilo kiliketi kiondo chekundu chenye mistari myeusi, na kwenye mkono wake kimefungwa kipande cha leso yenye harufu ya samaki.

Nilishika ukuta.

"Ninyi ndio wa kiondo?" yule mzee mwenye koti akauliza. Alikuwa ametoka Konza, anachunga ng'ombe wa watu huko. "Njoo, mwaitu, keti. Nafasi yako hii. Umechelewa lakini hujakosa."

"Yuko wapi aliyekileta?" nikauliza.

"Yule wa samaki? Ameenda soko, mali yake inaharibika. Alikuja hapa saa tatu na nusu, karai kichwani, kiondo mkononi, anahema. Nesi akamwambia samaki nje. Akawaacha kwa askari, akarudi. Jina likaitwa, Mutindi! Akasimama yeye. Akasema Mutindi yuko njiani, kiondo chake ndicho hiki, barua na kadi amezikuta ndani. Nesi akasema benchi ni ya watu." Mzee akaanza kucheka kwa kukumbuka. "Akamwambia, sista, kwetu kiondo kikifika, mwenyewe amefika. Imebaki miguu tu."

"Na nesi?"

"Angefanya nini? Benchi nzima tulicheka, hata yeye. Akachukua barua, akasoma, akaandika namba kumi na tisa. Akasema kisitoke kwenye benchi. Sasa kila mtu akiingia, sisi tunasogea, na kiondo tunakisogeza. Kimetembea kutoka kule ukutani mpaka hapa. Sasa wako namba kumi na sita."

Mutindi alikuwa amekwisha kupata kiondo kwa mikono. Alikiinua, akaketi palepale, akakipakata, akashusha pumzi ndefu.

"Aliacha ujumbe pia," mzee wa Konza akasema akinitazama shingoni. "Alisema atakuja mzee amevaa tai. Nimwambie: kikapu kimefika mapema, je, abiria?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nesi akatoa kichwa mlangoni, na machozi yakanitoka, nikayapangusa kwa tai, nikajipaka harufu ya mbuzi usoni. Sijawahi kufurahi hivyo kushindwa.

Namba kumi na tisa iliitwa saa sita kasorobo. Walimfanyia jicho la kushoto alasiri hiyo hiyo; la kulia wakamwandikia siku yao ya kurudi, wakaiweka kwenye karatasi yenye muhuri. Tukalala hospitalini. Asubuhi nesi alimfungua bandeji. Mutindi akapepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma, kisha akanigeukia. Alinitazama kutoka tai mpaka viatu.

"Baba Mwendwa," akasema, "hiyo suti ndiyo uliyokuja nayo mjini?"

"Ndiyo."

"Na hukuona aibu?"

Tulirudi na basi la Dayib Ijumaa hiyo mchana. Ndinda alikuwemo, karai lake tupu miguuni. Nilisimama mbele yake nikiwa nimetayarisha maneno mazuri tangu alfajiri.

"Samaki wako waliharibika?" ndilo lililotoka.

"Walibaki sita. Niliwakaanga, nikala na dada yangu wa hapa mjini, nikalala kwake. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndinda, mimi..."

"Kaa chini kwanza, basi linaondoka kwa saa. Mwaitu Mutindi, unaniona?"

"Nakuona. Kumbe wewe ni mdogo hivyo! Kwa sauti nilidhani ni jitu."

Basi zima likacheka, na Ndinda kuliko wote. Maneno yangu mazuri sikuyamaliza mpaka leo. Lakini nilipokuwa nikishuka nilimwambia asante, kwa sauti, watu wakisikia, na akaitikia, "Vai thina, mzee," yaani hakuna shida, kama mtu aliyeazimwa chumvi.

Jumamosi asubuhi nilichukua kopo la rangi nyeupe na brashi, nikaenda stejini kabla watu hawajawa wengi. Kanuni ya kwanza niliiacha, kwa kuwa bado ni nzuri. Basi lisipokuwa na saa, watu wa huku mashambani hatutafika mjini kamwe wakati madirisha yako wazi. Ya pili niliiacha. Ya tatu niliifuta. Kisha nikatia saa yangu ufunguo, nikaiweka sawasawa na ya redio ya Dayib.

Nilipogeuka, Mutindi alikuwa nyuma yangu, mkono juu ya macho kuzuia jua. Alitoka nyumbani akaja peke yake, kwa miguu, dakika ishirini na tano, bila kuniambia. Herufi nilimfundisha mimi, jioni baada ya jioni, nikitoka darasani na yale niliyofundishwa siku hiyo, lakini ubao huu alikuwa hajauona kamwe. Akausoma polepole, kwa sauti, kwa jicho moja: kanuni ya kwanza mpaka mwisho, kanuni ya pili mpaka mwisho. Akasogea karibu.

"Na hapa chini palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu, Mama Mwendwa."

Akagusa ubao kwa kidole, akakitazama kidole chake.

"Rangi bado mbichi," akasema.